Pini

Jumapili, alfajiri ya baridi,
uwanja wa mnada wa Szeged bado una umande
nami nishatandika kitambaa changu cheusi,
nishawapanga marehemu kwa vyeo:
juu nishani za dhahabu isiyo dhahabu,
chini yake fedha, kisha shaba,
na pembeni kabisa, ndani ya bakuli lililomeguka ukingo,
misalaba ya zinki.

Zinki, bwana. Mwaka wa tatu wa vita
shaba iliwaishia wakubwa.
Kengele za makanisa zilikwisha shushwa, zikayeyushwa,
basi wakamshukuru askari
kwa bati la kuezekea paa.
Wiki kumi na mbili mstari wa mbele, msalaba mmoja.
Leo mmoja haununui
hata bakuli la supu ya samaki.

Mimi Dezső Várkonyi, fundi miwani mstaafu.
Miaka thelathini na minane nilipima macho ya watu;
sasa napima mikwaruzo.
Naujua utepe uliokunjwa pembetatu enzi za mfalme
na ule uliokunjwa juzi na tapeli, kwa pasi ya mvuke.
Naijua kutu ya miaka na kutu ya siki.
Naionja. Ndiyo, kwa ulimi.
(Mke wangu aliondoka kwa sababu nyingine.)
Mali bila daftari hupotea bila habari,
kwa hiyo daftari ninalo:
uzito, kipenyo, alama ya kiwanda, bei.
Safu ya jina la mvaaji
mara nyingi huwa tupu.

Mwezi wa tatu akaja Bi Etelka Bodrogi,
koti lenye vifungo vitano vya aina nne.
Akafungua leso: medali ya ushujaa, ya fedha,
ya babu yake, aliyepigana mto Piave.
"Bibi alisema mwili ulitangulia kurudi.
Mwenyewe alifuata baada ya miaka."
Nikataja bei. Hakubishana.
Mtu asiyebishana hunitia homa.

Usiku, chini ya taa, nikaigeuza.
Nyuma ya utepe: pini ya nepi,
nene, ya chuma, imekula kutu.
Si ya asili. Kwetu sisi hiyo ni dosari.
Nikaing'oa kwa koleo, nikaitupa koponi,
nikatia pini sahihi, ya zama zake,
na thamani ikapanda robo.
Nililala vizuri, nisiseme uongo.

Jumapili iliyofuata alinitangulia uwanjani.
Pesa zangu mkononi, noti zilezile, kwa mpangilio uleule.
"Medali kaa nayo," akasema. "Nimefuata pini."
Nikamtazama.
"Watoto saba walifungwa nepi kwa pini ile.
Wa saba alipozikwa, bibi aliichomoa,
akambandikia mumewe hiyo fedha yenu kifuani,
akamwambia: Haya, sasa zamu yako kushikiliwa."

Kopo langu ni la kakao, la zamani,
takataka za miaka kumi na tisa zimo humo.
Nikalimwaga juu ya kitambaa cheusi,
juu ya majemadari, juu ya tai wenye vichwa viwili:
pini mia mbili, pengine zaidi,
zote kutu, zote ndugu.
Nikaona aibu, nikajifanya natafuta lenzi.

Yeye hakuhitaji lenzi.
Akapitisha kiganja polepole, kama apembuaye dengu,
akaokota moja, akaijaribu kwa kidole gumba.
Ikamchoma.
"Ndiyo hii."

Labda. Mimi nijuaye kutu kwa ulimi
sikuweza kuapa.
Pesa nilimsukumia, akazisukuma, nikazisukuma,
hatimaye akazifunga ndani ya leso
na leso akaibana kwa pini.

Medali bado ninayo, safu ya kwanza, kushoto.
Wanunuzi wa Vienna huulizia; nawaambia ina dosari.
Huigeuza, huikagua, huvua miwani na kuivaa tena.
Wanasema hawaioni.